Dhahabu imepungua, faida imepanda: tusome pamoja hesabu za kampuni

Kila miezi mitatu kampuni kubwa za dhahabu zinatoa hesabu zao, na kila mara habari inafika Bogoro ikiwa nusu tu: "Kampuni imepata faida." Basi. Kutoka hapo mazungumzo yanakimbia, upande wa Kasenyi kama upande wa Geti. Mmoja anasema kampuni imechimba sana. Mwingine anasema njo ile dhahabu yetu imebebwa. Wa tatu, mwenye mtoto katika karie ya Mongbwalu, anauliza swali linalopita yote: "Kama bei imepanda hivi, mbona nyumbani hatuoni kitu?"

Swali hilo lina jibu, na sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya hesabu zenyewe. Shida ni kwamba karatasi hizo haziandikwi kwa ajili yetu. Zinaandikwa kwa wenye hisa wa Toronto, New York, London na Johannesburg. Leo tunazifungua kwa ajili ya wachimbaji na familia zao.

Tuanze na namba za mwaka 2025. Mwezi wa 11 mwaka 2025, kampuni ya Barrick, ambayo ndiyo inaendesha mgodi wa Kibali katika jimbo jirani la Haut-Uélé, ilitoa hesabu za miezi mitatu ya Julai, Agosti na Septemba. Faida iliyobaki kwa wenye hisa ilikuwa karibu dola milioni 1,300. Miezi ileile ya mwaka 2024, faida ilikuwa dola milioni 483. Kwa hiyo imepanda zaidi ya mara mbili na nusu.

Je, kampuni imechimba mara mbili na nusu? Hapana kabisa. Mwaka 2024, katika miezi ile mitatu, migodi yake yote ya duniani ilitoa aunsi 943,000 za dhahabu. Mwaka 2025 ilitoa aunsi 829,000. Dhahabu imepungua, faida imepanda. Mtu anayesikia neno "faida" peke yake redioni hawezi kujua jambo hilo.

Ni nini kilichotokea? Ni bei. Mwaka 2024 kampuni iliuza aunsi moja kwa wastani wa dola 2,494. Mwaka mmoja baadaye iliuza kwa dola 3,457. Gharama zote za kuendeleza kazi, ndiyo mishahara, mafuta, mashine, dawa za kusafishia dhahabu na malipo mengine, zilikuwa dola 1,507 kwa aunsi, zikafika dola 1,538. Tuweke pamoja: bei ilipanda dola 963, gharama zilipanda dola 31. Kilichobaki katikati kilikuwa dola 987 kwa kila aunsi, kikawa dola 1,919. Hapo ndipo faida ilipotoka, kuliko mahali pengine popote.

Na dhahabu ilipungua kwa sababu gani? Sababu kubwa iko Mali. Barrick na serikali ya Bamako waligombana juu ya kodi na sheria mpya ya madini. Mwezi wa kwanza 2025 mgodi mkubwa wa Loulo-Gounkoto ukasimama, na ulichelewa sana kurudi katika mikono ya kampuni: mapatano yalikuja mwezi wa 11. Kampuni ikakosa mgodi mzima kwa muda mrefu, na bado faida yake ikapanda. Hiyo inaonyesha nguvu ya bei.

Hesabu za namna hii si za madini tu. Kampuni nyingi kubwa zenye hisa sokoni zinatoa hesabu kila miezi mitatu, hata ile inayouza furaha. Disney ya Marekani iko na viwanja vikubwa vya michezo, watu wanalipa kuingia na kupanda treni za kuzunguka juu angani. Mapato yake yanatoka katika vitu viwili: ni watu wangapi wameingia, na kila mmoja ameacha pesa ngapi ndani. Mwaka 2020, Korona ilipofunga dunia, viwanja vilibaki bila watu. Katika miezi ya Aprili mpaka Juni, mapato ya upande huo wa Disney yalianguka kwa 85%. Bei ya tiketi haikuwa na kazi tena, kwani mlango ulifungwa.

Katika mwaka uleule dhahabu ilikwenda njia nyingine. Watu wenye pesa walipoogopa, walikimbilia dhahabu, na mwezi wa 8 aunsi ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Sisi tuchukue somo hili: kila mapato ni wingi mara bei. Ukiambiwa faida imepanda, uliza kwanza: ni wingi ulipanda, au ni bei? Kama ni wingi, kuna kazi iliyoongezeka, na labda watu wameajiriwa. Kama ni bei tu, hakuna hata shimo moja lililoongezwa. Na bei inapanda bila sisi, tena inashuka bila sisi.

Sasa tukaribie nyumbani. Kibali iko teritware ya Watsa, kando ya Durba, katika nchi ileile ya dhahabu ambayo wazee wetu waliiita Kilo-Moto. Kilo ni upande wetu wa Ituri, Moto ni upande wa Watsa. Mgodi ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwezi wa 9 mwaka 2013. Barrick iko na 45%, AngloGold Ashanti iko na 45%, na SOKIMO, kampuni ya leta iliyorithi OKIMO, iko na 10%.

Mwaka 2023 sehemu ya Barrick peke yake, ile 45%, ilikuwa aunsi 343,000. Mwaka 2024 ilishuka mpaka aunsi 309,000. Tukichukua bei ya wastani ya Barrick kwa miaka hiyo, dola 1,948 na dola 2,397, tunapata hivi: aunsi 343,000 za mwaka 2023 zina thamani ya karibu dola milioni 668, na aunsi 309,000 za mwaka 2024 zina thamani ya karibu dola milioni 741. Hii ni hesabu yetu wenyewe ya kalamu, si ya kampuni, lakini inaonyesha njia: aunsi 34,000 zimekosekana, na bado pesa zimeongezeka kwa zaidi ya milioni 70.

Lakini kule Kibali gharama hazikukaa kimya. Mwaka 2023 gharama zote za kuendeleza kazi zilikuwa karibu dola 920 kwa aunsi, na mwaka 2024 zilipita dola 1,100. Mtu aliyefanya kazi ya shimo anaelewa mara moja. Jiwe likipungua dhahabu, unavunja mawe mengi zaidi ili kupata gramu ileile. Mashine inakunywa mafuta sawa, mtu anakula chakula kile kile, lakini kinachobaki katika karai ni kidogo. Na Kibali imepunguza mafuta kwa kujenga mitambo mitatu ya umeme wa maji, Nzoro, Ambarau na Azambi. Bila ile mito, gharama zingekuwa juu zaidi.

Sasa tuje kwenye lile swali la mama wa Bogoro: mbona hatuoni kitu? Tuchukue aunsi moja tu, tuifuate mkononi mpaka mkononi. Tuweke bei ya dola 3,457.

Sheria ya madini ya Kongo, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai redevansi ya 3.5% kwa dhahabu. Zamani ilikuwa 2.5%. Redevansi inakatwa juu ya thamani ya dhahabu inayouzwa, si juu ya faida. Kwa hiyo hata kampuni ikisema imepata hasara, redevansi inalipwa. Kwa aunsi yetu, 3.5% ni dola 121. Sheria inazigawa hivi: nusu, karibu dola 60, zinakwenda kwa serikali kuu Kinshasa. Robo, karibu dola 30, zinakwenda kwa jimbo la mgodi. 15%, karibu dola 18, zinakwenda kwa sheferi, sekta au mji ambamo mgodi uko. Na 10%, karibu dola 12, zinakwenda katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Juu ya hapo kuna 0.3% ya mauzo ya mwaka, ambayo sheria inaitaja kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa na mgodi. Kwa aunsi yetu ni karibu dola 10.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa Ituri hawataki kulisikia, lakini lazima tulisema. Robo ile ya jimbo ni ya Haut-Uélé. Zile dola 18 ni za sheferi za kule. Zile dola 10 ni za vijiji vya kule. Tangu mwaka 2015, Province Orientale ilipokatwa vipande, Ituri na Haut-Uélé ni majimbo mawili. Kilo-Moto lilikuwa jina moja, kasha sasa ni mbili. Dhahabu ya Kibali ikipanda bei, Bogoro haipati hata dola moja ya redevansi kwa njia ya moja kwa moja. Kinachoweza kutufikia ni ile sehemu ya Kinshasa ikirudi katika bajeti ya barabara, shule na askari, na ile 10% ya SOKIMO. Njia zote mbili ni ndefu.

Watu wa Bogoro wamekwisha kusoma karatasi ya namna hii, tena karatasi nzito kuliko ya kampuni yoyote. Tarehe 24 mwezi wa 3 mwaka 2017, Korti ya Kimataifa ya The Hague ilitoa amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga, juu ya shambulio la tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2003. Ndani ya amri ileile mlikuwa namba tatu. Madhara yote yalihesabiwa zaidi ya dola milioni 3.7. Katanga alihesabiwa deni la dola milioni moja. Na kila mmoja wa watu 297 waliotambuliwa aliandikiwa dola 250, ambazo Korti yenyewe iliziita za ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya nyumba, masomo, kazi za kuleta mapato na matunzo ya roho. Aliyesikia ile namba ya kwanza peke yake aliona mali. Aliyesoma mpaka mwisho aliona dola 250. Hatulinganishi maombolezo na dhahabu. Tunasema tu kwamba Bogoro inajua, kuliko vijiji vingi, umbali ulioko kati ya namba kubwa ya juu na ile inayofika mkononi.

Kuna mtego mwingine katika hesabu za kampuni: faida si pesa mkononi. Faida ni hesabu ya kalamu. Pesa inaweza kuwa iko na bado haijagawiwa. Kwa miaka kadhaa pesa nyingi za Kibali zilikaa katika benki hapa Kongo, zikingojea ruhusa na taratibu za kutoka. Mwisho wa mwaka 2021, sehemu ya AngloGold peke yake ilikuwa karibu dola milioni 500. Kwa hiyo ukisikia "Kibali imepata faida", usikimbie kusema SOKIMO imepokea 10%. SOKIMO inapokea pale wenye mgodi wanapoamua kugawa gawio. Kabla ya hapo, haki yake iko, lakini pesa haijafika. Neno la kutafuta katika karatasi ni dividende. Kama haliko, bado hakuna kilichogawiwa.

Na leta? Sheria ya 2018 iliongeza kodi juu ya faida ya kupita kiasi: bei ikipita kwa 25% ile iliyoandikwa katika masomo ya mradi, ile faida ya ziada inakatwa 50%. Bei ya dhahabu imepanda sana kupita miaka ambamo migodi mingi ilipangwa. Wabunge wetu wa Bunia na wa Kinshasa wana haki ya kuuliza, kila mwaka, ni mgodi gani umelipa kodi hiyo na kiasi gani. Swali hilo halihitaji silaha wala kelele. Linahitaji mtu aliyesoma.

Lakini wengi wanaotusoma hawako Kibali. Wako katika karie, wanachimba kwa chepeo, wanauza kwa negosian. Kwao pia zile hesabu zina faida, kwa sababu zinawapa bei ya kweli. Aunsi moja ni gramu 31.1. Dola 3,457 ukigawa kwa 31.1, unapata karibu dola 111 kwa gramu ya dhahabu safi. Tola moja, gramu 11.66, inakuwa karibu dola 1,296. Dhahabu ya shimo si safi yote. Tuseme iko na 92%: gramu inashuka mpaka karibu dola 102. Negosian naye anakata safari yake, hatari yake na faida yake, na ni haki yake. Lakini akikupa nusu ya hiyo bei, sasa unajua ni nusu. Na usisahau kwamba bei inabadilika kila siku: mwezi wa 10 mwaka 2025 ilivuka dola 4,000. Angalia bei ya siku ile ile kwenye simu kabla ya kuweka dhahabu juu ya mizani.

Tena tunawashauri kufanya jambo moja ambalo kampuni inafanya na karie nyingi hazifanyi: hesabu ya miezi mitatu. Daftari la watoto wa shule linatosha. Upande mmoja andika gramu ulizouza na bei ya kila mara. Upande wa pili andika vyote vilivyotoka: chakula, mafuta ya pompi, kamba, miti ya kushikilia shimo, sehemu ya PDG, malipo ya vizuizi njiani, dawa ya mtu aliyeumia, na deni la duka. Mwisho wa miezi mitatu, toa cha pili katika cha kwanza, halafu gawa kwa siku ulizofanya kazi. Hapo utajua siku yako ya kazi ina thamani gani kweli.

Wengi watashangaa. Kreseri anakumbuka ile siku ya kupata gramu kumi, lakini hakumbuki majuma matatu ya mchanga mtupu. PDG aliyetoa chakula wakati wa mchanga mtupu anaandika kila kitu, na siku ya dhahabu deni linatoka kwanza. Ndiyo sababu bei inaweza kupanda mara mbili na nyumbani pasionekane kitu: ile nyongeza imekwisha kuliwa na deni la zamani. Mama wa nyumba awe na haki ya kuona daftari hilo. Yeye ndiye anayelipa minervali ya watoto.

Kuna namba moja zaidi ambayo iko katika ripoti za kampuni na haiko katika karie: ajali. Kampuni inalazimika kuandika watu wangapi wameumia na wangapi wamekufa. Kwetu shimo likiporomoka, majina yanabaki kwa familia tu. Wakati bei iko juu, hatari inaongezeka, kwa sababu watu wanashuka chini zaidi, wanarudi katika mashimo ya zamani, wanachimba wakati wa mvua, na vijana wanaacha shule. Katika jimbo ambalo liko chini ya état de siège tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, bei ya juu inavuta pia watu wenye bunduki. Daftari la karie liwe na ukurasa wa ajali.

Na tusifikiri bei itapanda milele. Mwezi wa 9 mwaka 2011 aunsi ilikaribia dola 1,900. Katikati ya 2013 ilikuwa imeanguka mpaka karibu 1,200, na mwisho wa 2015 ilikuwa karibu 1,050. Waliokopa wakati wa bei ya juu walilipa wakati wa bei ya chini. Kampuni kubwa inapita katika bonde hilo kwa akiba yake. Familia ya Bogoro inapita kwa kuuza mbuzi, halafu shamba. Mwenye nyongeza leo aipeleke katika kitu ambacho hakishuki na bei ya London: ng'ombe, mashua ya ziwani, nyumba ya mabati, masomo ya mtoto.

Kila mwezi wa 2 kampuni inatoa hesabu za mwaka mzima. Habari ya "faida" itakapofika tena njiani, tunaomba kila mmoja aulize maswali manne kabla ya kukasirika au kushangilia. Moja, dhahabu ni ngapi, na imepanda au imeshuka? Mbili, aunsi iliuzwa kwa bei gani, na iligharimu kiasi gani kuitoa? Tatu, redevansi ilikuwa kiasi gani, na ilikwenda jimbo gani? Nne, gawio limetolewa, na SOKIMO imepokea nini?

Kisha afungue daftari lake mwenyewe, aulize maneno yaleyale.